Hali ya hewa, moshi na maradhi ya mapafu katika nchi za Maziwa Makuu

Nimonia, ugonjwa ambao wazee wengi huuita kichomi, ingali miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba mwaka 2019 ugonjwa huo uliua watoto 740,180 wenye umri wa chini ya miaka 5, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa rika hilo. Kifua kikuu nacho, kwa mujibu wa shirika hilohilo, kiliua watu wapatao milioni 1.25 mwaka 2023. Vimelea vya maradhi hayo mawili ni tofauti, lakini vyote huyafikia mapafu kwa kupitia hewa tunayoivuta.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Rwanda, Kongo, Tanzania, Uganda, Kenya na Burundi wamekuwa wakijiuliza maswali mawili. La kwanza: je, mvua, kiangazi, baridi na joto huongeza au hupunguza maambukizi ya mapafu? La pili: je, tukiusafisha moshi wa jikoni na vumbi la mjini, watoto wataugua nimonia kwa uchache zaidi? Majibu yaliyopatikana hayakuwa yote kama yalivyotarajiwa, nayo yana uzito mkubwa kwa nchi ambazo familia nyingi bado hupikia kuni na makaa.

Mapafu hujilindaje?

Mtu mzima mwenye afya huvuta pumzi maelfu ya mara kwa siku, na kila pumzi huingiza vumbi, chavua na vijidudu. Mwili umejiwekea ngome kadhaa. Pua huchuja chembe kubwa. Koo na mirija ya hewa imefunikwa na ute unaonasa uchafu, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyopigapiga bila kukoma ili kuusukuma uchafu uelekee juu, mpaka mtu aukohoe au aumeze. Ndani kabisa, katika vifuko vya hewa, kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kuvimeza vijidudu vilivyopenya.

Moshi hudhuru ngome hizo zote. Chembe zinazoogopwa zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani takribani sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele wa binadamu. Chembe hizo hazizuiwi na pua. Huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa, hudhoofisha vinyweleo, huuvimbisha utando wa mirija, na huzishughulisha seli za kinga hata zikakosa nguvu ya kupambana na bakteria. Mtoto mchanga yumo hatarini zaidi kuliko mkubwa: mirija yake ni myembamba, kinga yake haijakomaa, naye hupumua haraka zaidi, kwa hiyo huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake.

Mwaka 2021 WHO ilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na kwamba kwa muda wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Katika jiko la ndani linalowaka kuni, kiwango huweza kufika mamia ya mikrogramu wakati wa kupika.

Je, baridi huleta nimonia?

Imani kwamba mtoto huugua kichomi kwa kupigwa na baridi imeenea kote katika nchi zetu. Baridi peke yake haizai ugonjwa. Nimonia husababishwa na bakteria, virusi, na kwa nadra kuvu. Mtoto asiyekutana na kimelea hatapata nimonia hata akilowa mvua. Hata hivyo, imani hiyo haikuzuka bure, kwani hali ya hewa huufungulia ugonjwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kimelea chenyewe. Katika nchi za baridi, virusi vya mafua huishi kwa muda mrefu zaidi kwenye hewa baridi na kavu, na ndiyo maana mafua huko huja na msimu wa baridi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta mambo si rahisi hivyo: mafua yanaweza kuonekana mwaka mzima na kupanda zaidi ya mara moja. Virusi viitwavyo RSV, ambavyo ni chanzo kikubwa cha maradhi ya mapafu kwa watoto wachanga, vimefuatiliwa kwa miaka mingi katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya. Huko milipuko yake kwa kawaida huanza miezi ya mwisho wa mwaka na kuendelea hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo kila eneo linahitaji kujua kalenda yake, wala haifai kuazima ya Ulaya.

Mlango wa pili ni mwili wa binadamu. Hewa baridi na kavu hukausha ute wa pua na kupunguza kasi ya vile vinyweleo vinavyosafisha mirija. Mwili huo huo ungeweza kulishinda tone la virusi siku nyingine, lakini siku hiyo ukashindwa.

Mlango wa tatu, na pengine mpana zaidi kwetu, ni mwenendo wa watu. Mvua inaponyesha kwa siku kadhaa, madirisha hufungwa, watoto hukusanywa chumba kimoja, jiko lililokuwa uani huhamishiwa ndani, na kuni hupikiwa zikiwa mbichi au zimelowa. Kuni zenye maji hutoa moshi mwingi kuliko zilizokauka. Katika nyanda za juu za Rwanda, Burundi na Kivu, ambako usiku huwa na baridi, jiko la makaa hutumiwa pia kupasha chumba joto. Hapo moshi, msongamano na ukosefu wa hewa safi hukutana mahali pamoja.

Kiangazi na moshi unaosafiri

Mvua ina madhara, lakini pia ina manufaa: huisafisha hewa kwa kuziangusha chembe ardhini. Kiangazi kinapoingia, msafishaji huyo hayupo. Vumbi la barabara zisizo na lami hupanda, takataka huchomwa, na mashamba na mbuga huwashwa moto ili kuandaa kilimo au malisho.

Moshi wa mioto hiyo haujui mipaka ya nchi. Juu ya mlima Mugogo, kaskazini mwa Rwanda, kwenye kimo cha takribani mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, kuna kituo kinachopima hewa mbali na magari ya mjini. Vipimo vyake vilionyesha kwamba masizi angani huongezeka katika vipindi viwili vya ukavu. Kuanzia Desemba hadi Februari, upepo huleta moshi kutoka mioto ya upande wa kaskazini. Kuanzia Juni hadi Agosti, huja moshi wa upande wa kusini mwa ikweta, ambako savana huwaka kwa wingi. Kwa maneno mengine, mkulima wa Rwanda au Burundi anaweza kuvuta moshi wa moto uliowashwa mamia ya kilomita kutoka kwake.

Umbo la nchi nalo lina nafasi yake. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoa haraka, na hewa baridi huteremka na kukaa mabondeni. Juu yake hutandaza tabaka la hewa yenye joto zaidi, mfano wa kifuniko juu ya chungu. Moshi wa majiko ya jioni na wa magari hushindwa kupanda, ukabaki pale watu wanapolala. Kigali, mji uliojengwa juu ya vilima na ndani ya mabonde, unaijua hali hiyo vizuri. Wakazi wa maeneo ya bondeni huweza kuamka asubuhi wakauona ukungu wa moshi uliotanda ilhali kilele cha kilima ni cheupe.

Katika Kivu ya Kaskazini kuna chanzo kingine ambacho mwanadamu hawezi kukizima. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi ya salfa inayowasha macho na koo na kuwasumbua wenye pumu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mamia ya maelfu ya wakazi wa Goma walihama, wengine wakivuka kuingia Rwanda. Katika misiba kama hiyo, hatari kwa mapafu haiko kwenye gesi na majivu tu. Iko pia katika kulala wengi chini ya paa moja, ambako kikohozi cha mtu mmoja huwa cha wote.

Mafuriko yana mkondo uleule. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwatimua wakazi wa Gatumba, magharibi mwa Bujumbura. Mwanzoni mwa Mei 2023 mvua kubwa ziliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda na mamia katika wilaya ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Waliosalimika huishi kwenye mahema au shuleni, kuta zikiwa na unyevu, kuni zikiwa mbichi, na ratiba za chanjo zikiwa zimevurugika. Wanasayansi wanatarajia kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa za ghafla zitaongezeka Afrika Mashariki. Maradhi ya mapafu ni sehemu ya gharama hiyo, japokuwa mara chache hutajwa siku ya msiba.

Majiko bora na jibu lisilotarajiwa

WHO inakadiria kwamba mtoto anayeishi katika moshi wa jikoni hukabiliwa na hatari inayokaribia mara 2 ya kupata maambukizi ya mapafu, ikilinganishwa na asiyeishi humo. Ilionekana jambo la wazi, basi, kwamba ukibadilisha jiko utapunguza nimonia. Watafiti waliamua kulipima jambo hilo kwa njia ya haki: familia ziligawanywa kwa kura, baadhi zikapewa jiko jipya, nyingine zikaendelea na la zamani.

Nchini Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, watoto 10,750 walihusishwa katika utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet. Kundi moja lilipewa majiko ya kuni yenye feni, yanayochoma kuni vizuri zaidi. Mwisho wa utafiti, nimonia ilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili: takribani visa 15 hadi 16 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Wengine wakasema: tatizo ni kuni zenyewe, tujaribu gesi. Ndipo ukafanywa utafiti mkubwa katika nchi 4, nazo ni Guatemala, India, Peru na Rwanda. Nchini Rwanda ulifanyika katika wilaya ya Kayonza, Mkoa wa Mashariki. Wajawazito wapatao 3,200 walihusishwa. Nusu yao walipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18, na watoto wao wakafuatiliwa mpaka walipotimiza mwaka mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika The New England Journal of Medicine. Moshi ulipungua kweli: chembe laini alizovuta mtoto wa kawaida katika nyumba za gesi zilikuwa mikrogramu 24 kwa mita ya ujazo, na katika nyumba za kuni zilikuwa mikrogramu 66. Lakini nimonia kali haikupungua kwa kiasi kinachoweza kuthibitishwa.

Matokeo hayo yaliwashtua wengi, na yafaa kuelezwa kwa uangalifu. Hayasemi kwamba moshi hauna madhara. Moshi wa jikoni huchangia maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na ugonjwa sugu wa mapafu kwa wanawake waliopika maisha yao yote. Jiko la gesi pia humpunguzia msichana saa za kutafuta kuni na hupunguza ukataji wa misitu. Yanachosema matokeo hayo ni kwamba jiko peke yake halitoshi kumkinga mtoto mchanga na nimonia.

Sababu zinazotajwa na wataalamu ni tatu. Kwanza, mikrogramu 24 bado ni karibu mara 5 ya kiwango kinachopendekezwa na WHO. Moshi wa jirani huingia dirishani, na anayepika kwa gesi katikati ya majirani wanaopika kwa kuni hajauepuka moshi. Pili, sehemu kubwa ya nimonia ya watoto wachanga husababishwa na virusi, na hasa RSV, ambavyo huenea kwa ukaribu wa watu hata pale ambapo hewa ni safi. Tatu, watoto wengi wa siku hizi wamechanjwa dhidi ya bakteria waliokuwa wakiua zaidi, kwa hiyo nimonia iliyobaki si ileile ya zamani.

Kifua kikuu: giza, msongamano na vumbi

Kwa kifua kikuu, hali ya nyumba ina uzito mkubwa kuliko majira. Mgonjwa anapokohoa, bakteria huelea hewani kwa saa kadhaa ikiwa chumba hakina mzunguko wa hewa. Mwanga wa jua huwaua, na upepo huwatawanya. Chumba chenye giza na dirisha lililozibwa huwahifadhi. Ndiyo maana msimu wa mvua na baridi, unapowafungia watu ndani, huwaongezea jamaa wa mgonjwa uwezekano wa kuambukizwa, ingawa ugonjwa wenyewe huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye.

Moshi wa tumbaku huongeza hatari ya kifua kikuu takribani maradufu. Kuhusu moshi wa jikoni, tafiti hazijakubaliana. Vumbi la mawe halina ubishi: wachimbaji wanaopasua miamba huvuta chembe za silika zinazotia makovu mapafuni, na mapafu yenye makovu hayo hushindwa kumdhibiti bakteria wa kifua kikuu. Hilo lawahusu vijana wengi wanaochimba dhahabu, kasiteriti na koltani mashariki mwa Kongo, pamoja na wachimbaji wa wolframu nchini Rwanda, ambao wengi wao hurudi kulala katika vibanda vilivyosongamana.

Nchi jirani zimefanya nini?

Rwanda ilipitisha sheria ya kulinda ubora wa hewa mwaka 2016, na mwaka huohuo Kigali ikaanza siku zisizo na magari, ambapo baadhi ya barabara hufungwa ili watu watembee na kufanya mazoezi. Nchini Uganda, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu ambavyo sasa vimefungwa katika miji kadhaa ya Afrika. Kipimo hakisafishi hewa, lakini mahali pasipo na kipimo hakuna anayewajibishwa.

Ushindi ulio wazi zaidi umetoka kwenye chanjo. Mwaka 2009 Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za kipato cha chini kuwapa watoto wake chanjo ya pneumokoki, bakteria mkuu wa nimonia. Kenya ilifuata mwaka 2011. Katika Kilifi, magonjwa makali yatokanayo na aina za bakteria zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5. Hakuna jiko lililowahi kupata matokeo kama hayo.

Hapa ndipo penye mvutano wa kweli kwa serikali zenye fedha chache. Fedha zile zile zinaweza kununua gesi ya ruzuku, chanjo, au mitungi ya oksijeni kwa vituo vya afya vya vijijini. Ushahidi uliopo waelekeza kwamba gesi na nishati safi zitafutwe kwa ajili ya afya ya familia nzima na ya misitu, lakini zisichukue nafasi ya chanjo, lishe, dawa na oksijeni katika vita dhidi ya nimonia ya watoto.

Yaliyo mikononi mwa familia

Si kila nyumba inaweza kununua gesi, lakini kuna mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kuni zikaushwe na kuhifadhiwa mahali pasipovuja kabla ya masika. Kupika kufanyike nje au penye madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati mama anachochea moto. Amlee mtu mwingine mbali na moshi. Takataka, na hasa plastiki, zisichomwe karibu na makazi. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa usiku, kwa maana hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Maziwa ya mama bila kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza humwongezea mtoto kinga, na chanjo zake zikamilishwe hata kama familia imehama kwa sababu ya mafuriko au vita. Mwenye kikohozi kinachodumu wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu, na chumba chake kiachwe wazi kwa jua na upepo.

Mzazi anaweza kuitambua nimonia mapema kwa kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa mwenye mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Mtoto ambaye kifua chake hubonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya, anayelegea, au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya buluu, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, iwe mvua inanyesha au haitanyesha. Nimonia ya bakteria hutibika kwa dawa za kawaida ikiwahiwa, na saa chache za kungoja ndizo mara nyingi hutenganisha kupona na kifo.